Wiki saba bila maji

Mama mkubwa aliporudi Kisangani kutoka Kampala mwaka 2004, nyumbani kwetu Mangobo tuliagizwa mambo mawili: tusimkumbatie kwa nguvu, na tusiseme chochote kuhusu harufu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na agizo la pili lilinishinda. Mji wetu umekaa karibu kabisa na ikweta, mito kila upande, na jasho halikauki hata usiku. Mtu huoga asubuhi, akaoga jioni. Akiruka siku moja watu huuliza kama anaumwa. Naye Mama mkubwa alikuwa amekatazwa maji upande wote wa kushoto, toka shingoni hadi mbavuni, kwa wiki tano za mionzi na nyingine mbili za kupona.

Aliniita chumbani nimsaidie kubadilisha kitambaa. Juu ya titi kulikuwa na mabaki ya mistari ya wino wa zambarau, iliyonyooka kama ya mpima viwanja. Chini ya titi, pale ngozi inapokunjana, weusi ulikuwa umekolea kama makaa, na katikati ya weusi ule ngozi ilikuwa imebanduka, inatoa majimaji. Alishika titi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akajipepea na kifuniko cha sufuria. "Waliniunguza," alisema. Tangu siku ile neno la nyumbani kwetu halikuwa kutibiwa, lilikuwa kuchomwa. Hatukujua kwamba ngozi huharibika zaidi wiki moja au mbili baada ya mionzi kwisha. Sisi tulidhani safari ndiyo iliyomzidishia.

Nataka kuwa mwadilifu kwa waliomkataza. Ile haikuwa sheria ya Kampala peke yake. Kwa miaka mingi hata Ulaya wagonjwa waliambiwa vivyo hivyo: sabuni na maji vitaichokoza ngozi, tena vitafuta wino, na wino ukifutika vipimo vinaanza upya. Lakini mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walikuwa wameshawaruhusu wagonjwa wengine kuoga na wengine wasioge, wakalinganisha, na waliooga hawakupata madhara zaidi. Mwaka 2001, kule Québec nchini Kanada, walijaribu tena kwa wanawake 99 wenye saratani ya titi. Safari hii ngozi za waliooga kwa maji na sabuni zilibanduka kidogo kuliko za wasiooga. Ni miaka mitatu kabla ya safari ya Mama mkubwa. Nikifikiri jinsi alivyokuwa akilala ameinua mkono juu ya kichwa ili kwapa lisigusane na mbavu, miaka ile mitatu hunikera kuliko saratani yenyewe.

Zamu yangu ilifika mwaka 2023. Titi lile lile, la kushoto. Kisangani hakukuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo nikapanda ndege hadi Goma, kisha mabasi, hadi kilima cha Mulago kule Kampala, penye hospitali aliyotibiwa Mama mkubwa. Mashine ya kobalti ya wakati wa Mama mkubwa, iliyosimikwa mwaka 1995, ilikuwa imekufa kabisa mwaka 2016, habari iliyowatisha wagonjwa wa nchi kadhaa. Nyingine ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye zikaja zile zinazotengeneza mionzi kwa umeme. Nikiwa nimelala chini ya mashine niliwaza Shinkolobwe, kule Katanga. Madini ya pale yaligunduliwa mwaka 1915, na radiumu iliyotokana nayo ilitibu saratani za Wazungu tangu miaka ya 1920. Nchi yangu imewapa wengine mionzi miaka mia moja, na mimi nimeifuata kwa basi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tano. Daktari akasema mara kumi na tano, yaani wiki tatu. Nikadhani ananipunja kwa sababu mimi ni mgeni. Baadaye nilielewa kwamba Waingereza walianza kulinganisha mwaka 1999, kwa wanawake zaidi ya 2,000, dozi ndogo nyingi za wiki tano na dozi kubwa kidogo za wiki tatu. Majibu yalipotoka mwaka 2008, wiki tatu zilitibu sawasawa, na titi halikuumia zaidi. Badala ya mistari ya zambarau nilichanjwa nukta tatu za wino, ndogo kuliko chawa. Hazifutiki.

Siku ya pili nikamwuliza sista nifanyeje na jasho. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chakula kinaliwa. "Nyabo, oga." Maji ya vuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, mkono mtupu bila kitambaa cha kusugulia, kisha nijikaushe kwa kugusagusa. Jioni ile nilisimama bafuni muda mrefu, kikombe mkononi, nikimwaga maji begani na kuyaangalia yakishuka. Nilisikia kama ninaiba.

Sista yule alinifundisha jambo jingine. Vitabu, alisema, huonyesha ngozi ya Mzungu ikigeuka nyekundu. Kwetu usisubiri wekundu. Tafuta weusi unaozidi, ngozi inayong'aa na kukaza, joto ukiweka kiganja. Wiki ya tatu nikaviona vyote, na mwasho juu. Nilikuwa nimepanga chumba pamoja na wanawake wa Bunia na Beni, na mmoja akanipa ile dawa ya kichina ya kikopo kidogo, ya kupaka kifuani ukiwa na mafua. Nikapaka. Sitaeleza zaidi, ila majirani walitoka nje kuuliza nani amekufa. Mwenye dawa ndiye aliyenimwagia maji, ndoo nzima, huku analia na kucheka.

Uchovu ulikuwa na tabia yake. Ulinijia saa nane mchana, nimekaa tu, kama mtu aliyezima taa. Sista akasema nitembee nusu saa kila siku, nikaona ananidhihaki, kisha nikatembea, na ukapungua kweli.

Niliporudi darasani, wanafunzi wangu ndio waliogundua lililobaki. Mimi ni mshoto. Nilikuwa ninaandika nusu ya chini ya ubao tu, na wa nyuma wakalalamika hawaoni. Nyumbani nikachora alama ya chaki ukutani, nikawa ninatambaza vidole kama buibui, asubuhi na jioni, na kila alama mpya naiandikia tarehe. Ilinichukua miezi miwili kufikia mahali pa kuandika tarehe ubaoni. Mama mkubwa hakufundishwa kutambaza vidole. Mkono wake umevimba tangu zamani zile, bangili zote anavaa upande mmoja.

Kabla ya hayo ya ubaoni, siku ya tatu tu tangu nirudi, Mama mkubwa alikuja kunitembelea kutoka Mangobo, amepanda toleka, baiskeli ya abiria, dereva akipiga kengele njia nzima. Alinikuta uani ninaoga, kikwembe kiunoni. Akasimama mlangoni pa ua bila salamu.

"Maji hayo?"

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Huko nako?"

Nikamweleza, kuhusu sista, kuhusu Wakanada 99. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akakaa, akatazama maji yakikimbia kwenye mfereji.

"Wiki saba," alisema. "Nilinuka bure wiki saba." Akachukua kikombe mkononi mwangu, akachota ndooni. "Geuka, mwanangu. Mgongo hujaufikia."