Wanyama Wasiomkimbia Binadamu

Kilometa zipatazo 1,000 magharibi ya Ekuador, katika Bahari ya Pasifiki, vimo visiwa vya Galápagos. Moto wa chini ya bahari ndio uliovizaa, na baadhi ya milima yake hutapika hata leo. Mstari wa ikweta, ule ule upitao Kayabwe katika barabara ya Masaka, hukata kisiwa kikubwa cha Isabela upande wake wa kaskazini. Lakini msomaji asitazamie migomba. Mwambao ni mawe meusi na miti mikavu, na maji hupozwa na mikondo ya baharini kiasi kwamba ngwini, ndege tunayemdhania wa nchi za barafu, amefanya makao papo hapo penye ikweta.

Wageni wengi huvizunguka visiwa hivyo kwa vyombo vidogo vya abiria 16. Chombo husafiri usiku. Asubuhi abiria hushushwa ufukoni kwa mtumbwi wa mpira. Hapo ndipo ajabu huanza. Simba-bahari wamelala mchangani kama walevi, na hakuna ainuaye kichwa. Iguana wa baharini, mijusi wakubwa weusi wapigao mbizi kula mwani, wamelundikana juu ya mawe huku wakipiga chafya za chumvi. Asiyetazama chini atawakanyaga. Ndege wa miguu ya buluu ametaga katikati ya njia, na ni watu wanaompisha. Mnandi wa huko hawezi hata kuruka, kwa maana mabawa yake yamepungua yakabaki mfano wa vitambaa vilivyochakaa. Kwa muda mrefu usio na hesabu ya mwanadamu, visiwa hivyo havikuwa na chui, wala mbwa, wala mtu. Aruke amkimbie nani?

Siku ya kwanza mgeni hucheka na kupiga picha. Siku ya pili, akiisha kusimuliwa yaliyopita, huanza kuona haya.

Charles Darwin alipofika mwezi wa Septemba 1835 alimsukuma mwewe tawini kwa mdomo wa bunduki, na mwewe hakushtuka. Alimkuta pia mvulana ameketi kisimani na fimbo mkononi, akiwapiga njiwa waliokuja kunywa maji. Chungu ya chakula cha jioni ilikuwa tayari kando yake. Mabaharia nao walikuwa na windo lao, yaani kobe wakubwa, ambao huweza kuishi karibu mwaka mzima bila chakula wala maji. Wawindaji wa nyangumi waliwapanga katika ngama za meli kama magunia, wakiwachinja mmoja mmoja safarini. Hukadiriwa kwamba zaidi ya 100,000 walichukuliwa. Mnyama aliyeumbwa kustahimili njaa akawa ghala ya nyama kwa sababu ya ustahimilivu wake huo.

Askari watapenda kusikia habari za kisiwa cha Baltra, ambacho leo kina uwanja wa ndege unaopokea wageni wengi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa na kambi yake hapo. Miaka ya 1932 na 1933, kabla ya vita, msafara mmoja wa wataalamu uliwaona iguana wa nchi kavu wa Baltra wamekonda, kwani mbuzi walikuwa wameyamaliza majani. Wakawahamisha 70 hivi hadi kisiwa jirani cha North Seymour. Hapakuwa na amri ya serikali wala mpango wowote mkubwa. Kufikia miaka ya 1950 Baltra haikuwa na iguana hata mmoja, na mwaka 1991 wazao wa wale waliohamishwa wakaanza kurudishwa kwao.

Mbuzi ni habari nyingine, tena ngumu. Katika kisiwa cha Pinta wavuvi waliacha mbuzi watatu mwaka 1959. Wakazaana hata kufikia maelfu mengi na kukifanya kisiwa upara. Mwaka 1971 alionekana huko kobe dume mmoja tu. Alitunzwa kwa miaka arobaini, akafa tarehe 24 Juni 2012 bila kuacha mtoto. Ili yasitokee hayo kwingine, kati ya 1997 na 2006 mbuzi zaidi ya 100,000 waliuawa katika visiwa vya Isabela na Santiago, wengi kwa risasi kutoka helikopta. Waliojificha walitafutwa kwa hila: mbuzi mmoja alivishwa ukosi wa redio akaachiliwa, naye kwa kupenda wenzake akawaongoza wapigaji hadi maficho yao. Walimwita Yuda. Wako waonao ukatili katika jambo hilo, nao hawakukosea. Mbuzi hakujipandisha mashuani. Lakini aliyewaona kobe wakitambaa juu ya mawe matupu wakitafuta jani moja hana jibu jepesi.

Kwa hiyo amri za leo ni kali. Mizigo hupekuliwa kabla ya ndege kuruka, isije ikabeba mbegu wala wadudu. Tangu Agosti 2024 mgeni mzima kutoka nchi nyingi za nje hulipa dola 200 za kuingia. Hakuna atokaye katika njia iliyowekwa, na hakuna amkaribiaye mnyama chini ya mita mbili. Mnyama mwenyewe, hata hivyo, hakusomewa amri hiyo. Mtoto wa simba-bahari huja akanusa viatu vya mgeni, na mgeni, mtu mzima mwenye mke na watoto nyumbani, husimama mikono nyuma kama kuruta katika gwaride, akirudi nyuma hatua kwa hatua, kwa kuwa haruhusiwi kumgusa.

Usiku, chombo kikiwa kimetia nanga, simba-bahari mwingine hupanda ngazi ya nyuma akalala pale pale pa kupitia. Baharia hutoka jikoni na ndoo yake, akamtazama, akanyanyua mguu juu, akamruka polepole, akaenda zake kumwaga maji upande wa pili.