Dhambi iliyovaa nguo za haki

Huku London tu wazima, zamu za usiku zinaendelea kama kawaida na Mungu ni mwema. Leo sitaandika habari za treni wala bei ya ndizi (tena wanaziita ndizi, jamani!). Kuna jambo nalitafakari wiki kadhaa sasa, nalo ni dhambi iliyojificha.

Sisemi ile ambayo mtu anaificha kwa watu huku mwenyewe anaijua. Nasema ile iliyojificha hata kwa yule anayeibeba. Katika Zaburi ya 19 Daudi anamwomba Mungu amsafishe na makosa asiyoyaona mwenyewe. Kumbe hata mtu anayempenda Mungu anaweza kuwa nayo, akaimba kwaya nayo, akashiriki meza ya Bwana nayo, na asijue.

Mnaonifahamu mnajua lazima nitapitia hospitali kwanza, hahaha. Kuna vidonda ambavyo kwa juu vina tundu dogo tu. Ukitazama unasema kesho kimepona. Ukikipima kwa ndani unakuta shimo linakwenda mbali chini ya ngozi. Kidonda cha namna hiyo hatukiachi kijifunge juu kwanza. Tunakisafisha, tunakijaza gozi taratibu, siku baada ya siku, ili kipone kuanzia chini kuja juu. Kikiwahi kujifunga juu, usaha unabaki ndani na mgonjwa anaanza homa. Kusafisha kunauma, na wapo wagonjwa wanaokushika mkono wakisema, sista niache tu, kimeshapona. Kwa juu ni kweli kimepona!

Dhambi inayofanana na kidonda hicho kuliko zote, kwa maoni yangu, ni uchungu wa moyoni. Mwizi anajua ameiba. Mwongo anajua amedanganya. Lakini mtu aliyedhulumiwa kweli, akianza kumchukia aliyemdhulumu, nani atamwambia kitu? Yeye ndiye mwenye haki! Majirani wanamwonea huruma, na yeye mwenyewe akijitazama haoni chuki, anaona haki yake iliyopotea. Dhambi imevaa nguo za haki, na ndiyo maana haonekani wa kuiungama.

Wazee wa Uamsho walilijua hili. Wengi wetu Kagera tumelelewa katika nyumba zilizoguswa na Uamsho ule wa Afrika Mashariki, na hata neno mlokole tumelipata kwa Waganda kutoka kwa ndugu hao. Mimi kama muuguzi hufurahi nikikumbuka kwamba moto ule uliwaka katika hospitali ya misheni, pale Gahini nchini Rwanda, miaka ya 1930. Msaidizi mkuu wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka, na hali ya kazi pale ilikuwa mbaya, watumishi hawaelewani na daktari Joe Church hajui afanye nini. Kinuka akaenda Kampala kukutana na Simeoni Nsibambi, akamweleza kasoro zote za hospitali. Nsibambi akamwambia shida ianze kutafutwa moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Kinuka hakufurahi kuambiwa hivyo! Lakini aliporudi Gahini alikuwa mtu mwingine, akawa mmoja wa viongozi wakubwa wa Uamsho. Kasoro alizozitaja huenda zilikuwepo kweli. Ila zilikuwa zimemzuia kuiona ya kwake.

Mfano unaonigusa zaidi ulitokea hapa hapa London. Wazee wa Dodoma huenda wanamkumbuka Festo Kivengere, maana kabla hajawa askofu alifundisha shule pale kwa miaka mingi. Mwaka 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, Idi Amin akiwa madarakani. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua kupinga mauaji yaliyokuwa yakitendeka. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakatuhumiwa mbele ya askari. Kisha wakaamriwa waondoke, isipokuwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Hawakumwona tena akiwa hai. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari, yeye pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Siku chache baadaye Festo na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Sasa fikirini hali ya mtu huyo. Rafiki yake ameuawa, kundi lake limetawanyika, yeye ni mkimbizi. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa Amin alikuwa nani. Oktoba 1978 majeshi yake yalituvamia, daraja la Kyaka likavunjwa, na bibi alikimbia na watoto akaacha migomba na ng'ombe, aliporudi 1979 hakukuta kitu. Nani angemlaumu Festo kwa kumchukia Amin?

Ijumaa Kuu ya mwaka ule wa 1977 Festo alikuwa London, akaingia ibadani katika kanisa la All Souls, lile la pale Langham Place karibu na kituo cha Oxford Circus. Tafakari ilikuwa juu ya sala ya Yesu msalabani, ile ya kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Festo alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipouona ugumu uliokuwa ukikua moyoni mwake. Kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale wa Golgotha, je, sala ile ingemruka? Jibu alilijua. Basi akatubu, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake, I Love Idi Amin, yaani nampenda Idi Amin. Watu wengi walishtuka na jina hilo.

Wapendwa, angalieni vizuri ametubu nini. Hakutubu dhambi za Amin. Hakusema Amin hakuua. Aliendelea kuieleza dunia yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Alichokipeleka kwa Mungu ni fungu lake mwenyewe, ule uchungu. Ndiyo maana nasema kusamehe hakufuti haki. Luwum hakusahauliwa. Tangu mwaka 1998 sanamu yake imesimama juu ya mlango mkubwa wa magharibi wa Westminster Abbey, pamoja na wafia dini wengine tisa wa karne ya 20, na Uganda tarehe 16 Februari imekuwa sikukuu ya taifa. Mkipita London nitawapeleka, inaonekana kutoka barabarani na hakuna kiingilio!

Kuna la pili, namna ya kuomba msamaha. Sisi Waswahili tuna sala yetu tunayoipenda: "Kama kuna mahali nimekukwaza, naomba unisamehe." Tunaisema mwisho wa mwaka, tunaisema msibani, tunaisema ushuhuda unapofika mwisho. Hilo neno "kama" ndilo ngozi inayojifunga juu! Aliyekosewa anabaki na shimo lake na aliyekosa anaondoka na amani ya bure. Festo alipookoka akiwa kijana alipanda baiskeli kama maili 50 kwenda kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia, akamwambia wazi kwamba alimchukia na kwamba sasa anamwona ndugu. Hakusema kama. Hata serikali ya hapa imejifunza kitu. Tangu mwaka 2014 sheria ya England inazitaka hospitali, mgonjwa akidhurika vibaya katika matibabu, zimweleze waziwazi kilichotokea na kumwomba radhi. Ikiwa sheria ya dunia inataka jambo litajwe, sisi wa Kristo tunaogopa nini? Yohana katika waraka wake wa kwanza anasema tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu kutusamehe na kutusafisha. Kuungama ni kutaja.

Sasa niseme la nyumbani, na nalisema kwa heshima zote maana mimi ni mtoto kwenu. Katika ukoo wetu wapo wazee wawili ambao hawajasalimiana tangu mazishi ya babu, kwa ajili ya mpaka wa kibanja. Sijui alama ilisogezwa na nani, na hilo liamuliwe na baraza kwa haki, hata mkihitaji kwenda ardhi nendeni. Lakini mpaka ni kitu kimoja na salamu ni kitu kingine. Mmoja anaingia kanisani kwa mlango wa mbele na mwingine kwa wa ubavuni, na wote mnatoa sadaka. Bwana Yesu alisema ukikumbuka pale madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka uende kwanza mkapatane.

Bibi sasa amepita miaka 80. Kila Jumapili nikimpigia hanizungumzii mgongo wake wala presha. Ananiuliza, wameshasalimiana? Baba wakubwa zangu, yule bibi aliweza kuwaombea hata waliochoma migomba yake. Msimfanye aondoke duniani akiulizia salamu ya wanawe.

Desemba nimepata likizo ya wiki tatu, nakuja. Zawadi nitaleta, lakini ninayoitamani kuikuta ni moja tu, meza moja ya Krismasi na wazee wangu wote wawili wameketi. Atakayetangulia kuvuka ua asingojee mwenzake aanze. Na akifika asiseme kama.

Tuzidi kuombeana. Msalimieni kila mtu, na aliye karibu na bibi amsomee hii kwa sauti.

Wenu katika Kristo,
Mtoto wenu wa London