Usingizi wa Pono

Bibi yangu alikuwa akituamsha alfajiri kwa kugonga mlango kwa mwiko. "Amkeni! Mnalala usingizi wa pono?" Nami nimewaamsha wanangu kwa maneno hayo hayo huku Toronto, ghorofa ya 11, theluji imeganda dirishani. Msemo huo nimeutumia miaka 40 na ushee. Pono mwenyewe, akiwa hai na macho wazi, nilimwona mara ya kwanza Machi iliyopita, na sikumwona Tanga nilikozaliwa. Nilimwona Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani chenye watu wasiofika laki 2, nimelala kifudifudi juu ya maji, bomba la kupumulia mdomoni, mkono wa binti yangu mkononi mwangu.

Alikuwa wa kijani na buluu, mdomo kama wa kasuku, analiguguna jabali. Sauti yake inasikika: kru, kru, kama mtu anayetafuna barafu chumba cha pili. Anauma, anasogea kidogo, kisha anaacha nyuma yake wingu la unga mweupe linaloshuka polepole hadi chini. Unga ule ndio mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaoukanyaga kwenye fukwe zenye matumbawe imepitia tumboni mwa samaki huyo. Nilimfuata mpaka baharia akanipigia filimbi nirudi karibu na mashua.

Tulikwenda kwa sababu ya mwenzangu wa kazini. Tunalea wazee, zamu za usiku, yeye mzaliwa wa Castries huko Saint Lucia na mimi wa Tanga. Kila mwaka alinisikia nikisema mwaka huu naenda kwetu, na kila mwaka nauli ya watu watatu hadi Dar es Salaam ikanishinda. Mwishowe akaniambia, "Basi nenda kwetu, angalau ukaoge maji ya chumvi." Ndege ya mwendo wa saa tano. Likizo ya shule ya Machi ilipofika, Toronto bado nyeupe, tukaondoka mimi, binti yangu wa miaka 14 na mdogo wake.

Safari ya baharini ilikuwa ya kutwa nzima, dola 130 kwa kichwa, chakula ndani. Tulipanda asubuhi Rodney Bay, kaskazini mwa kisiwa, kuelekea Soufrière kusini. Chombo chenyewe ni katamarani, neno lililotoka kwa Watamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Ni mashua mbili zilizounganishwa kwa sitaha moja, na mbele, kati ya mashua na mashua, wametandaza wavu mtu akalala huku maji yanapita chini ya mgongo wake. Mimi niliyekulia kwenye ngalawa ya mjomba nilisubiri chombo kilale upande mmoja, nijongee nikakalie mti wa rengu kuweka uzito. Hakikulala. Kinakwenda wima kama meza. Wanangu walifurahi, lakini mwili wangu ulikuwa umejiandaa kwa kazi ambayo haikuja.

Nahodha alikuwa mtu mzima, miguu mitupu, sauti ya chini. Akiongea na mabaharia wake alitumia Kikrioli cha huko, ambacho mizizi yake ni Kifaransa, kwa sababu Wafaransa na Waingereza walinyang'anyana kisiwa hicho mara 14 kabla ya Waingereza kukishika hadi uhuru wa mwaka 1979. Nilimuuliza kwa nini tunashikilia upande wa magharibi. Akaniambia ndio upande wa kujikinga. Upepo wa kule unatoka mashariki. Leo mashariki, kesho mashariki, mwaka mzima mashariki.

Nikamweleza kwamba kwetu upepo una zamu. Kaskazi ikianza mwishoni mwa mwaka, majahazi yalikuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikiingia Aprili, yakarudi. Aliyekosa msimu alikaa mpaka msimu mwingine, akaoa, akajenga, ndiyo maana pwani yetu imejaa wajukuu wa waliochelewa. Alisikiliza vizuri, akageuza usukani kidogo, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Babu zetu waliletwa na huu huu unaotupuliza sasa. Wa kuwarudisha haukuvuma."

Sikutaka aone kama najisifu kwa upepo wetu, nikamwambia na lililobaki: kwamba kusi hiyo hiyo ilibeba watumwa kutoka Kilwa na Bagamoyo kwenda Unguja na Uarabuni, na kaskazi haikuwarudisha. Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa hivyo, wawili, tunatazama milima.

Neno lake limekaa nami tangu siku hiyo. Mimi sikuletwa na mtu. Nilikata tiketi mwenyewe mwaka 2005, nikaaga kwa miaka mitatu, mama akanifungia sambusa za njiani. Mtu aliyezaliwa kwenye upepo wa zamu anaamini kwamba kuondoka ni nusu ya safari, na nusu nyingine itajileta yenyewe msimu ukifika. Nimeishi Toronto miaka 20 kwa imani hiyo. Samani sikununua nzuri kwa sababu narudi. Urafiki na majirani niliuweka mlangoni kwa sababu narudi. Nyumba ya Tanga imefika kwenye linta, na miti iliyoota ndani yake sasa inanipita kimo. Nahodha yule hakuwahi kuahidiwa upepo wa kurudi, na anakijua kisiwa chake kama mtu anavyojua chumba anacholala: kila ghuba, kila jiwe, kila mto unaochafua maji mvua ikinyesha.

Soufrière tulishuka, tukaoneshwa chemchemi za salfa zinazotokota, tukarudi chomboni. Milima miwili ya Pitons inatoka baharini kama pembe, yote miwili inapita mita 700, na tangu 2004 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Inastahili. Lakini mimi nilishughulishwa zaidi na chakula. Walifunua sinia, nikakuta ndizi mbichi za kuchemsha kwa samaki wa chumvi, ambacho ndicho chakula cha taifa lao, na pembeni shelisheli lililochomwa, limekatwa vipande vinene. Binti yangu hakuwahi kulionja. Nikamwambia bibi yake analipika kwa nazi. Shelisheli lilifika visiwa vile mwaka 1793, nahodha Mwingereza William Bligh alipoleta miche kutoka Tahiti hadi Saint Vincent na Jamaika ili watumwa walishwe kwa bei rahisi. Watu waliolishwa hivyo wamelifanya chakula cha Jumapili. Hata minazi ya kule, inayopamba kila picha ya Karibiani, asili yake ni ya Bahari ya Hindi. Wareno waliibeba kupitia Afrika Magharibi. Nilikula vipande vinne.

Alasiri tukafunga kwenye boya huko Anse Cochon. Kutia nanga juu ya matumbawe hakuruhusiwi, na baharia alilieleza hilo kwa ukali wa mtu anayelinda shamba lake. Tukavaa maboya kifuani, miwani, viatu vya mapezi. Mimi sijui kuogelea vizuri. Nimezaliwa hatua 200 kutoka baharini na sijui kuogelea vizuri; kwetu wavulana walirukia maji kutoka gatini, sisi wasichana tulishuka na vijiti kutafuta pweza maji yakipwa. Binti yangu, aliyefundishwa kwenye bwawa la mtaa, ndiye aliyenishika mkono.

Baada ya pono nikaona wengine ambao sikuwa na majina yao, na mmoja ambaye baharia alituonesha kwa kidole, amejibana chini ya mwamba: mistari myekundu na myeupe, miba mirefu imefunguka kama feni. Tulipopanda alituambia huyo ni samaki-simba, asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana Florida mwaka 1985, huenda alitoroka au aliachiwa na wafugaji wa samaki wa vioo, na sasa amezagaa Karibiani nzima, anakula vifaranga vya samaki wa kule, na wenyeji wanamwinda kwa mkuki na kuhimizana kumla. Binti yangu akanigeukia, maji yanamtiririka usoni. "Mama, kumbe huyu ametoka kwenu."

Kwenu. Kiswahili chake ni kizuri, hakukosea. Lilinichoma, nikaliacha lipite.

Kisha akauliza, "Na kwa Bibi, chini ya maji kuko hivi?"

Nikasema, "Sijui."

Ningeweza kudanganya. Ningesema kuko hivi na zaidi, naye angeamini. Lakini nilikuwa nimetoka majini dakika hiyo hiyo na bado nilikuwa nalisikia kru, kru masikioni, na ukweli ni kwamba matumbawe niliyoyajua mimi Tanga ni yale ya kujengea. Ukuta wa bibi ulikuwa wa matumbawe, ukikwaruza bega unatoka damu. Makaburi ya zamani ya Tongoni ni ya matumbawe. Chokaa tuliyopaka Idi ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Nayo yaliyo hai niliyasikia tu, kwa mlio wa baruti za wavuvi haramu, mdundo mzito uliotingisha vikombe kabatini, tukasema wameanza tena, tukaendelea kunywa chai. Miaka ya karibuni uvuvi huo umebanwa sana, na nawashukuru waliopambana nao. Ila nilipokuwa mtoto hakuna aliyeniambia kinachovunjika ni nini. Nami sikuuliza.

Tena bahari yetu ilitualika. Maji ya Saint Lucia hayaendi popote, tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Ukiwa huna miwani na mashua huoni kitu. Tanga, bamvua ikifika, maji hushuka mita 3 na zaidi, bahari inafungua mlango wake mara mbili kwa siku, mtu anatembea kwa miguu hadi ukingoni mwa mwamba. Nilifika ukingoni hapo mara nyingi. Sikuinama kutazama upande wa pili.

Nisiseme kama kwamba wenzetu wamejaliwa tu. Matumbawe ya Karibiani yana hali mbaya. Nilipita juu ya mengi yaliyokufa, yamevikwa majani ya baharini kama mawe ya mtoni, na ugonjwa ulioonekana kwanza pwani ya Miami mwaka 2014 umeshasambaa visiwa vingi. Lakini watu wa Soufrière walifanya jambo ambalo natamani lisimuliwe kila gati la pwani yetu. Wavuvi, wazamiaji, wenye mashua za starehe na mahoteli waligombania ghuba zile kwa miaka, kisha wakakaa kitako na mwaka 1995 wakagawana bahari: hapa pa kuvua, hapa pa kufunga mashua, hapa pasiguswe. Karibu theluthi moja ya maeneo ya kuvulia ikafungwa, na wavuvi waliumia mwanzoni. Utafiti uliochapishwa 2001 ulionesha kwamba ndani ya miaka 5 wavuvi wa jirani wenye dema kubwa walipata asilimia 46 zaidi kwa kila safari, na wenye dema ndogo asilimia 90 zaidi. Mwaka huo huo wa 1995 Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Nilikuwa shuleni, pwani hiyo hiyo, na sikusikia.

Jua lilikuwa linazama tuliporudi. Nahodha alikunjua tanga, injini ikazimwa, mwanangu mdogo akalala wavuni kama mfu. Nilimuuliza nahodha kama amewahi kutaka kwenda kuishi kwingine. Akasema dada zake wako London, yeye alijaribu majira mawili ya baridi. Hakuongeza neno.

Juma lililofuata, Toronto, nikampigia mjomba. Ana miaka zaidi ya 70 na bado anatoka na ngalawa kupita kisiwa cha Toten.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mmerudi salama?"

Nikamuuliza swali la binti yangu. Kule Toten, chini kukoje?

Alifikiri. "Mimi nakujua kwa mkono," akasema. "Mshipi ukinasa, hapo jabali. Ukiteleza, mchanga. Pakitetemeka kidogo kabla ya kunasa, hapo pana majani." Akanitajia sehemu moja baada ya nyingine, kutoka Raskazone hadi Ulenge, jinsi kila moja inavyovuta vidole. Sikuwahi kumsikia akieleza hivyo. Sikuwahi kumuuliza. Kutazama kwa macho, alisema, hajatazama hata siku moja.

Nikamwambia tunataka kuja Julai, shule zikifunga. Akakataa. Julai kusi imekaza, maji machafu, ngalawa inarushwa. Njooni na kaskazi, Desemba, bahari ikiwa kioo. Desemba shule za huku zinatoa wiki mbili tu, na nauli ndiyo hupanda. Nikasema tutakuja Desemba.

Binti yangu alikuwa amekaa karibu, simu iko wazi, anasikia kila kitu. Mjomba akakohoa.

"Hiyo miwani mliyovaa," akasema, "zipo za kumtosha mtu mwenye uso mwembamba?"

Binti yangu akajibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake cha Toronto, kwamba apime upana wa uso, kutoka shavu hadi shavu, wanauza kwa vipimo. Kukawa kimya. Kisha tukamsikia akimwita mkewe amletee futi ya kushonea.