Gunung Djati, Meli ya Mahujaji

Mwaka ambao Mola alitujaalia kwenda Umra, tulibaki Jeddah siku moja kabla ya kurejea nyumbani, na baada ya swala ya Alasiri tukashuka ufukweni. Kwa mbali zilionekana meli za makontena zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Sisi tulifika kwa ndege kutoka Nairobi, safari ya saa chache. Lilipotolewa tangazo la kukaribia miqati, nusu ya wenzetu walikuwa usingizini, na wengine wangali wakihangaika na trei za chakula. Hapo ufukweni tukaikumbuka Gunung Djati, meli tuliyowahi kusoma habari zake, iliyokuwa ikiingia maji yale na mahujaji wa Indonesia.

Haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa Hamburg mwaka 1936 katika karakana ya Blohm & Voss, ikaitwa Pretoria. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890 kuiunganisha Ujerumani na mwambao wetu huu, zama Wajerumani walipokuwa wakijitwalia Tanganyika. Pretoria ilikuwa na ukubwa wa tani 16,662, na pamoja na pacha wake Windhuk ilichukua abiria wa njia ya Afrika Kusini. Vita vya 1939 vikawatenganisha mapacha hao. Windhuk ilikimbilia Santos, Brazil, ikijisingizia kuwa meli ya Kijapani, na mwisho ikaangukia mikononi mwa Wamarekani. Pretoria ilifanywa bweni la mabaharia wa nyambizi, kisha hospitali. Mwaka 1945 Waingereza wakaitwaa, wakaiita Empire Doon, wakaipakia askari. Boila zake ziliwasumbua mno hata ikabidi itengenezwe upya, nayo ikarudi baharini kwa jina la tatu, Empire Orwell, ikaendelea kubeba askari.

Mwaka 1958 mambo yakageuka. Kwanza ilikodiwa na kampuni ya Pan-Islamic ya Karachi kupeleka mahujaji Jeddah. Kisha ikanunuliwa na kampuni ya Alfred Holt ya Liverpool, ambayo ilikuwa na uzoefu mrefu wa safari za Hija kutoka nchi za Wamalayu. Itajwe kwa wema kwamba mwaka 1880, nahodha Mwingereza alipoitoroka meli iliyoitwa Jeddah, akawaacha mahujaji karibu elfu moja katikati ya bahari, ni meli ya Holt, Antenor, iliyowakuta na kuwafikisha Aden salama.

Empire Orwell ikapelekwa Glasgow. Pakatengenezwa nafasi za mahujaji wapatao 2,000 na msikiti ndani yake, ikapewa jina la Gunung Djati. Hicho ni kilima karibu na mji wa Cirebon, Java, alikozikwa Sunan Gunung Jati, mmoja wa mawalii tisa wanaokumbukwa kwa kuueneza Uislamu katika kisiwa hicho.

Kutoka Jakarta hadi Jeddah ni mwendo wa kama wiki mbili. Mwenye kujua fiqhi ataona palivyo na mafunzo humo. Chombo kikigeuka, kibla nacho hugeuka, na mwenye kuswali hana budi kugeuka nacho. Anayefia mbali na nchi kavu huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, kisha huteremshwa majini. Na katika safari za Hija za baharini wako wengi waliozikwa hivyo, jamaa zao wakiwa wamesimama sitahani. Na meli inapopanda Bahari ya Shamu ikawa mkabala na Yalamlam, ihramu huvaliwa. Mtu aliyepata wiki mbili za kusoma manasiki, kulipana radhi na jirani wa kitanda na kuzoea talbiya, huipokea saa hiyo akiwa macho. Hatuilaumu ndege, mama mzee mwenye maradhi ya miguu ameneemeka nayo. Lakini tulipowatazama wenzetu waliolala tuliona kuna kilichopunguka, na sisi wenyewe hatukusalimika, kwani nia tuliiweka kwa haraka.

Serikali ya Indonesia iliinunua Gunung Djati mwaka 1962, na mwaka 1973 ikatiwa mitambo ya dizeli badala ya mvuke. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya sabini ndege zilikuwa zimewachukua mahujaji wote. Meli ikarudi kwa wanajeshi, safari hii wanamaji wa Indonesia, na jina la tano, Tanjung Pandan. Mwaka 1987 ilivunjwa kuwa chuma chakavu.

Adhana ya Magharibi ilitukuta pale ufukweni tukitazama kusini, ilikokuwa ikitokea.