Motere ikipoteza nguvu, uliza kwanza moto

Kuna ulizo moja ninalopewa karibu kila juma hapa Kolwezi: « Yaya, motokari inatoka na nguvu, kisha kilometa makumi mawili inakuwa kama mutu wa homa. Pompi imekufa? » Ninawajibu karibu kila mara: tuangalie moto kwanza.

Jambo hili nililijifunza mbali. Kutoka mwaka 2016 mpaka 2022 nilitumika katika garaji moja kule Johannesburg, Afrika ya Kusini. Tulitengeneza motokari za watu wanaolipa ili wakimbie siku moja kwenye pisti ya Kyalami, bila kombe, kwa furaha tu. (Ndiyo, kuna watu wanaolipa ili wamalize pine zao. Mama yangu hata leo hajasadiki.) Pisti ile ilifunguliwa mwaka 1961, ikajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2016. Muzunguko wake ni kilometa 4,5 hivi, na iko karibu meta 1.500 juu ya bahari. Kolwezi yetu nayo inapita meta 1.400. Basi yale yanayoipata motere kule, yanaipata na hapa.

Tuseme umechoma lita tatu za esansi. Kwa kukadiria, lita moja tu ndiyo inafanya kazi ya kusukuma. Ya pili inatoka na moshi. Ya tatu inageuka moto ambao maji na mafuta ya motere yanapaswa kuubeba na kuutupa inje. Kwa barabara ya kawaida shofere anakanyaga, anaachilia, motere inapumua. Kwa pisti mguu unabaki chini karibu wakati wote. Muzunguko wa kwanza maji yako kwa digri 90. Wa nne yamepita 105, mafuta yamefika 130, na motokari iliyonguruma kama simba inaanza kulegea.

Tena kule juu hewa ni nyepesi. Kwa meta 1.500 imepunguka karibu sehemu moja juu ya saba. Motere inapata hewa kidogo ya kuchomea, na radiateri nayo inapata hewa kidogo ya kupozea. Unapigwa mara mbili na kitu kimoja.

Sababu hiyo turbo ilipata sifa Kyalami mapema. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille, katika Renault ya turbo, alipata nafasi ya mbele kabisa ya kuondokea, na mwaka 1980 mwenzake René Arnoux akashinda mashindano yenyewe. Turbo inarudisha hewa ambayo mulima umenyanganya. Lakini hewa ukiisonga inapata moto. Mwenye kujaza kinga na pompi ya mukono anajua vidole vinavyoungua. Hewa ya turbo inaweza kupita digri 100, ndiyo maana inapitishwa kwanza katika radiateri yake ndogo. Na ile ndogo ikijaa moto, haisaidie tena. Esansi inataka kuwaka mbele ya saa yake, motere inagonga ndani. Kwa motokari za sasa ubongo wa umeme unasikia ule mugongo, unachelewesha cheche, na nguvu inashuka. Shofere anasema imeharibika. Kumbe inajilinda!

Kiliya mumoja alikuja na hasira kwa jambo hilo. Alitaka tuondoe ulinzi ule na kuongeza musukumo wa turbo. Patron alikuwa karibu kukubali, feza ilikuwa nzuri. Muzee wetu wa kazi, tuliyemuita Madala, akafuta mikono, akamupa yule bwana karatasi: « Nitaondoa. Lakini andika hapa kwamba motere mupya utainunua weye. » Bwana akanyamaza.

Tukafanya kazi isiyo na sifa. Tulifungua mbele, tukakuta radiateri imejaa majani, wadudu na vipande vya pine. Tuliosha polepole, kutoka upande wa motere kwenda inje, maana maji ya nguvu yanalalisha vile vibati vyembamba. Tukaziba nafasi zote pembeni, kwani hewa ni mvivu: ikiona njia ya kuzunguka radiateri, haipite ndani. Tukaongeza radiateri ya mafuta. Kisha Madala akamupa sheria: mizunguko mitatu ya nguvu, mumoja wa polepole na hewa ya moto ya ndani imefunguliwa, na usizime motere palepale. Siku ile muzunguko wa kwanza haukupita ule wa zamani. Lakini wa sita ulilingana nao.

Sasa turudi kwetu. Mwaka uliopita mama mumoja wa mutaa wetu, mujane, aliletewa bei ya chini sana kwa taxi yake. Mununuzi alimuambia motere imekwisha. Ile taxi ndiyo inalipa minervali ya watoto watatu. Mutoto wake wa kwanza, anayeiendesha, akaniambia: « Yaya, kwa mupando inakufa kabisa, afazali tuuzishe. »

Niliomba siku moja. Kwa urefu wetu maji yanachemuka kwa digri 95 hivi, hayangoje 100. Kifuniko cha radiateri ndicho kinachofunga musukumo ndani ili yapite hata 115 bila kuchemuka. Cha mama yule kilikuwa na kaucu iliyokauka. Tena mutu alikuwa ametoa termostati, akisema inchi yetu ni ya joto. Kwa motere nyingi ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi, na maji mengine yanarudi ndani bila kupita kwa radiateri. Tulirudisha vyote viwili, tukaosha radiateri. Bei yake haikufika hata ya pine moja.

Kijana nilimukataza mambo mawili. Asifungue kile kifuniko motere ikiwa moto; nimeona uso wa mutu aliyefanya hivyo, sitaeleza hapa. Na asishindane na wenzake kwa barabara ya Likasi, abiria wakiwa ndani. Kyalami hakuna mama anayevuka na beseni la mihogo.

Mama hakuuzisha. Lakini jwenti iliyo chini ya kichwa cha motere ilikwisha kuteswa muda mrefu, na sijaiamini bado. Kila siku ya posho kijana ananiletea kijiti cha mafuta nikiangalie kama kumeingia weupe. Posho iliyopita kilikuwa cheusi, kizuri.