Laptopu mpya na wageni waliokuja nayo

Kimya changu kimekuwa kirefu, mnisamehe, ni zamu za usiku tu. Hapa Leicester baridi imeshaingia na jua linazama saa kumi jioni. Mtu unakwenda kazini gizani, unarudi gizani.

Leo nataka kuzungumzia ile laptopu ya mdogo wetu ambayo nimeahidi tangu Idi. Nimeinunua, iko hapa mezani, na mama mmoja wa Ngamiani anayesafiri wiki ijayo amekubali kuibeba. Shida ni kwamba haikuja peke yake. Nilipoiwasha jana nikakuta humo ndani antivairasi ya kujaribu kwa siku 30, michezo nisiyoijua, duka la kampuni, na vidirisha vinachomoza pembeni kila baada ya muda: jisajili, nunua, ongeza muda.

Mtu atasema, si uache tu? Wajameni, niliwahi kuacha.

Mwaka 2019 nilimpelekea mzee laptopu vilevile ilivyotoka dukani. Siku 30 zikapita, antivairasi ikaanza kumpigia kelele kwa maandishi mekundu kwamba kompyuta yake iko hatarini. Mzee mnamfahamu, hakunipigia simu, eti hakutaka kunisumbua. Akaenda kwa fundi mjini, fundi akamwambia ina virusi, akapiga Windows upya kwa shilingi elfu thelathini. Virusi havikuwemo. Kilichokuwemo ni dakika 40 za sauti ya marehemu bibi akisimulia walivyohama Pangani, nilizorekodi nikiwa likizo 2016. Nakala nyingine sikuwa nayo, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Mzee alikuwa na furaha kwenye simu kwamba kompyuta sasa imetulia, nikashindwa kumwambia. Nilimwambia mwaka jana tu nilipokuja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia mapema, ningemfuata yule kijana siku ileile."

Vitu hivi vinawekwa kwa sababu wenye programu huwalipa watengenezaji wa kompyuta, na hiyo husaidia bei kushuka kidogo. Mara nyingi ni kero tu, lakini si mara zote. Mwishoni mwa 2014 baadhi ya laptopu za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ilikuwa inajipenyeza katikati ya mtu na tovuti anayoifungua, hata zile zenye alama ya kufuli kama za benki, ili ipachike matangazo yake. Tena ufunguo wake wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote, kwa hiyo mwizi akiupata anaweza kumdanganya yeyote mwenye laptopu ya namna hiyo. Februari 2015 serikali ya Marekani ikawatahadharisha watu waiondoe, na 2017 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32.

Jirani yangu Mkongo, mtu wa Bukavu, yeye hana mjadala: kompyuta mpya anafuta yote na kupiga Windows upya siku hiyohiyo. Leseni haipotei, maana tangu Windows 8 ya 2012 huwa imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Niliwahi kumuiga kwenye yangu. Nilipomaliza, intaneti ikagoma kwa kuwa draiva ya Wi-Fi nilishaifuta pamoja na takataka, ikabidi niende maktaba na fleshi kama mwanafunzi. Kwa mdogo wangu anayenunua bando kwa kupimapima, siwezi kumpa mtihani huo.

Basi nimepita katikati. Kwanza nimetengeneza fleshi ya kurejesha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani. Kisha nimeondoa antivairasi ile. Ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows huamka yenyewe, na haidai hela. Michezo na duka nje. Draiva zote nimeziacha. Kuna programu mbili nilitaka kuzitupa, kumbe moja ndiyo inayoendesha feni na nyingine vitufe vya mwanga wa kioo. Nimeziacha.

Mdogo wangu, fleshi ni ile nyekundu, iko kwenye mfuko wa chaja. Usimwazime mtu. Kazi zako za chuo weka mahali pawili, na ukiona maandishi ya kutisha nibipu kwanza kabla ya kwenda kwa fundi, hata kama ni usiku, mimi niko macho.

Huyo mama anaondoka Jumanne. Nimemwambia asirudi mikono mitupu, kuna mtu atampa sambusa na achari ya embe. Shangazi, usijifanye hujasoma.