Nimekubali Kupasuliwa Mguu

Cambridge, Uingereza

Dada yangu mpenzi,

Sisi huku tuko kwenye baridi. Saa kumi jioni giza limeshaingia, na ukitoka kazini saa mbili unadhani ni usiku wa manane.

Nakuandikia barua kwa sababu jambo hili kwenye simu halifiki mwisho. Wewe huniambia pole, nichue kwa mafuta ya karafuu, mimi naitikia, kisha tunahamia kwenye ada za watoto na bei ya mchele. Sasa limefika pa kuamuliwa, na uamuzi wenyewe unaigusa nyumba yetu nzima. Nimekubali kupasuliwa mguu wa kulia mwezi wa pili, Mungu akipenda.

Mguu wa Mama unaukumbuka tangu tukiwa wadogo, na kile kinundu kilichotokeza ubavuni, penye shina la kidole gumba. Makubadhi yake yalitanuka ngozi mahali pale pale, hata fundi wa Ngamiani, hapo Tanga, akipelekewa kiatu kushonwa alijua ni cha nani kabla ya kuambiwa. Sisi tulidhani pale pameota mfupa wa ziada. Daktari alinionyesha picha ya eksirei ya mguu wangu, akapitisha kalamu juu yake taratibu. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umeinama kuelekea mguu wa pili, na kidole chenyewe kimeinama upande mwingine, kinavilalia vidole vyenzake. Vinapokutana pamefanyika kona, na kona hiyo ndiyo kinundu. Mfupa ni ule ule niliozaliwa nao, ila umehama njia. Kwa mguu wa kawaida pembe hiyo haizidi nyuzi 15. Wangu umefika 34.

Swali lake la kwanza lilikuwa nani kwetu ana mguu kama huu. Nikamtajia Mama, nikamtajia marehemu bibi, nikakutaja na wewe. Akaandika. Umbo la mguu na ulegevu wa viungo mtu huvirithi kwa wazazi wake. Mama alikua kijijini akitembea peku na kinundu kikamtoka vile vile, kwa hiyo wale wanaosema hii ni adhabu ya viatu vya mchuchumio wanatuonea. Nimewasikia wengi wakiwasema wanawake hivyo na inaniuma, maana mwanamke akishaambiwa amejitakia, hafungui tena mdomo kusema anaumwa.

Hata hivyo viatu vina sehemu yao, tena kubwa, na mji huu ninaoishi umeyaonyesha hayo waziwazi. Mwaka 2021 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 177 waliozikwa Cambridge na pembezoni mwake karne nyingi zilizopita. Kwa waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, wenye kidole kilichopinda walikuwa asilimia 6. Kwa wale wa karne ya 14 na 15 walikuwa asilimia 27. Kilichobadilika katikati ni viatu: karne ya 14 ndipo matajiri wa Uingereza walipoanza kuvaa viatu vyenye ncha ndefu iliyochongoka, hadi mwaka 1463 Mfalme Edward wa Nne akaweka sheria ya kuzipunguza ncha hizo. Wakulima waliozikwa kwenye makaburi ya shamba, nje ya mji, walikuwa asilimia 3 tu. Walioongoza walikuwa waliozikwa kwenye makazi ya watawa, asilimia 43. Na humo walikuwemo watawa wenyewe: wanaume, dada yangu, tena watu wa dini. Palipokuwa makazi hayo ni katikati ya mji na mimi hupita hapo kwa baiskeli nikienda kazini. Na katika kisiwa cha Saint Helena, kwenye bahari ya Atlantiki, daktari mmoja aliandika mwaka 1965 kwamba miongoni mwa wakazi waliokuwa hawavai viatu, wenye tatizo hili walikuwa kama 2 katika kila 100.

Lakini katika habari ya mifupa ya Cambridge kilichonikaa moyoni ni kingine. Wazee wale waliokuwa na vidole vilivyopinda, mifupa yao ilikuwa na alama nyingi zaidi za kuvunjika, za aina ya mtu aliyeanguka akajikinga kwa mikono. Mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Nimewaona wakiletwa baada ya kuvunjika nyonga, watu waliokuwa wakienda dukani wenyewe wiki iliyotangulia, na wengi wao hawasimami tena. Kidole gumba ndicho kinachousukuma mwili mbele mtu anapotembea. Kikilala pembeni, hatua inapoteza nguvu na mizani. Mimi nimeshaanza kujikwaa kwenye ngazi za nyumba ya wazee nikiwa nimebeba sinia la chakula.

Nikuelezee mguu ulivyo sasa, ili usidhani nalalamikia sura. Zamu ni ya saa 12. Ikifika alasiri, kinundu kinakuwa chekundu na cha moto, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Kidole cha pili kimekosa nafasi, kimepanda juu ya kidole gumba, na mgongoni mwake pana sugu inayosuguliwa na kiatu. Chini ya wayo, nyuma ya kidole hicho cha pili, pamefanyika sugu nyingine ngumu, kwa sababu uzito uliokuwa ukibebwa na kidole gumba umehamia kwake. Hapo ndipo panapochoma zaidi. Nikivua soksi usiku hukaa kitandani kwanza mpaka moto upungue, ndipo niende bafuni.

Na kuna swala. Maumivu haya niliyasikia kwanza kwenye msala, kabla hata ya kazini. Unajua kikao cha tahiyatu, mguu wa kulia unausimamisha na vidole vinakunjwa kuelekea kibla. Kiungo kile kile kilichoharibika ndicho kinachokunjwa. Siku hizi naukalia mguu kwa upande, na dini imeturuhusu mtu kuswali kwa kadiri ya uwezo wa mwili wake. Lakini mimi nataka kukaa kama tulivyofundishwa na marehemu Baba, na sioni aibu kusema kwamba hilo limo katika sababu zangu.

Usifikiri nimekimbilia kisu. Kwa miaka kadhaa nimeishi vizuri tu kwa mambo madogo, nami nayaheshimu. Raba pana mbele zenye soli laini. Kipande cha mpira laini kati ya kidole gumba na cha pili ili visisuguane. Soli ya ndani iliyotengenezwa na mtaalamu wa miguu, inayoinua sehemu ile ya wayo inayochoma. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 5 kwa mara moja. Dawa ya maumivu siku zikiwa mbaya. Hayo hayaunyooshi mfupa wa mtu mzima, na mtaalamu alinieleza hivyo siku ya kwanza. Vibanio vya kuvaa usiku vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha kidole mahali pake navyo haviunyooshi, ila hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu. Kwa mwenye maumivu ya kuja na kupita, haya yanatosha, na wewe, dada, kwa vile mguu wako bado unakupeleka sokoni na kukurudisha, nakusihi uanzie hapo na uishie hapo.

Daktari bingwa naye hakunisukuma. Hospitali za serikali huku hazimpasui mtu kwa sababu ya sura ya mguu. Aliniuliza mguu unanizuia nini. Nikamjibu: kazi, ngazi, na swala. Hilo la swala hakulielewa, nikamwomba ruhusa, nikavua viatu, nikakaa kikao cha tahiyatu pale pale sakafuni mwa chumba chake. Aliinama akatazama kidole kinavyokunjika, akakipima kwa mkono, akakaa kimya kidogo. Kisha akanieleza ukweli: baada ya operesheni kiungo kinaweza kukakamaa. Mazoezi ya kukikunja yatanisaidia, lakini hawezi kuniahidi kwamba kitakunjika chote. Nilimpenda kwa kutoniahidi.

Kazi yenyewe ni hivi. Ule mfupa mrefu unakatwa kwa urefu, mkato wenye umbo la herufi Z, kipande kimoja kinasogezwa kuelekea vidole vingine, kisha vinakazwa kwa skrubu mbili ndogo ambazo kwa kawaida hubaki humo maisha. Halafu kidole chenyewe kinatolewa kabari nyembamba ya mfupa ili kinyooke. Njia za kuupasua mguu wa aina hii zinapita mia, kila moja na mguu unaoifaa, kwa hiyo usichukue yangu ukadhani ndiyo ya kila mtu. Unaingia asubuhi, unatoka jioni. Nitachomwa ganzi ya kifundo cha mguu na dawa ya usingizi mwepesi; nusukaputi nimeikataa kwa kuwa nimeambiwa si lazima.

Hatari zake nimezisikiliza moja moja: kidonda kuingia vijidudu, ganzi ya kudumu pembeni mwa kidole, damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, mfupa kuchelewa kuunga, kinundu kurudi baada ya miaka. Mwenzangu mmoja kazini, dada wa Bukavu, alipasuliwa mguu wa kushoto. Kidole kimenyooka vizuri sana, lakini sasa anaumwa chini ya wayo mahali ambapo mwanzoni hapakuuma. Ukimwuliza kama angerudia anasema angerudia, ila angewasubiri watoto wake wakue kwanza. Nimeongea naye sana kuliko nilivyoongea na daktari.

Alichonisisitizia mwenzangu huyo ni kwamba operesheni ni siku moja, na mtihani ni wiki zinazofuata. Wiki 2 za kwanza nitakuwa nimelala mguu ukiwa juu ya mito, juu kuliko kifua, nainuka kwenda chooni tu. Kiatu maalumu chenye soli ngumu kwa takriban wiki 6. Kazini, kwa kazi ya kusimama kama yangu, huenda nisirudi mpaka wiki ya 12. Uvimbe unaweza kukaa miezi. Baiskeli nitaiacha kibarazani. Nyumbani Tanga jambo hili lisingekuwa na uzito: wewe ungepika, watoto wangechota maji, majirani wangejaa uani. Hapa nakaa peke yangu ghorofa ya pili. Rafiki yangu mmoja wa huku, mtu wa Mombasa, amejitolea kunilaza kwake wiki hizo za mwanzo, na wanawake wa msikitini wameshapangana zamu za chakula. Ramadhani itanikuta huko nimekaa. Nikiwa bado nakunywa dawa sitafunga, nitalipa siku hizo baadaye.

Sasa nifike kwenye fedha, maana ndiyo iliyonichelewesha kuliko hofu ya kisu. Kwa viwango vya mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara huku kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kwa saa zangu 36 za wiki nilikuwa nikipata karibu pauni 440 kabla ya makato. Mtu akiugua, malipo ya ugonjwa yaliyowekwa na sheria yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na siku 3 za kwanza hazikuwa zikilipwa. Mwajiri wangu haongezi juu ya hapo. Fanya hesabu uone kinachobaki baada ya kodi ya nyumba.

Nawajua watu wengi huku, wauguzi, wapishi, wafagiaji wa viwanja vya ndege, wanaotembea juu ya miguu iliyokwisha kwa sababu hiyo tu. Wanaogopa mwezi mmoja wa kutotuma hela kuliko wanavyoogopa kulemaa. Mtu anaona afadhali aumie kimya kuliko nyumbani waseme amebadilika. Mimi hilo nimelikataa, na nakuomba wewe mkubwa wangu unisemee mbele ya wengine. Ada za Januari nitazilipa zote kabla. Dawa za presha za Mama hazitaguswa, hizo nimeshaziwekea akiba pembeni. Lakini Februari, Machi na Aprili nitatuma nusu, na fundi wa nyumba inayojengwa Duga asimame kwenye lenta mpaka nitakapomwambia. Mjomba akiuliza, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Na mtoto wako wa mwisho. Kwenye picha ya Idi nimeuona mguu wake, kidole gumba kimeshaanza kuelekea vidole vingine, naye ana miaka kumi tu. Mguu wa mtoto ukianza mapema hivyo unataka kutazamwa, kwa hiyo mpeleke hospitali ya Bombo wamwone, hata kama hasemi kwamba anaumwa. Kumpasua si haraka, mifupa yake bado inakua. Viatu vya shule ndivyo vya kuangalia sasa. Msimamishe peku juu ya karatasi, uzito wote kwenye mguu, uuzungushie kalamu, kisha ukate umbo hilo uende nalo dukani. Ukiliweka juu ya soli ya kiatu na karatasi ikatokeza pembeni, kiatu hicho kirudishe rafuni hata kama namba yake ndiyo. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea, na miguu yote miwili, kwani mara nyingi hailingani. Ukishachora nipigie picha unitumie kabla shule hazijafunguliwa, ili hela ya viatu niitume pamoja na ya ada.

Nisalimie wote, na Mama mshikie mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako